Kivuli Chenye Pembe

Siku hizo mlango wa kila nyumba yenye mtoto mchanga ulionyesha picha ya kifua chake, na mashine iliyoipiga ikiona doa la ugonjwa wa kuambukiza, mlango uliwaka mwekundu mtaa mzima uone. Asubuhi ya arobaini ya mjukuu wake, Mwajabu aliukuta mlango wake umewaka. Kando ya moyo wa mtoto palikuwa na kivuli cheupe chenye pembe kama sambusa.

Wageni waliishia ngazini. Daktari peke yake ndiye aliyeingia, akaitazama picha, akacheka.

"Bibi, hii ni tezi ya utotoni. Ndiyo inayoufundisha mwili kupambana na maradhi. Kwa mtoto huwa kubwa, kisha hunywea yenyewe. Mashine yenu imefundishwa kwa vifua vya watu wazima."

Mwajabu hakucheka. "Na mtu akiichoma kwa mionzi?"

"Nani kafanya ujinga huo?"

Mwajabu aligeuka kutazama nyumba ya pili. Mwaka jana mlango wa jirani yake, Nyamizi, uliwaka vivyo hivyo. Ni yeye Mwajabu aliyewakusanya wanawake wakasimama pale nje wakiimba, "Mpeleke akachomwe, usituulie wetu!" Nyamizi akampeleka mwanawe, akachomwa kwa mionzi.

Hodi ilipigwa. Nyamizi aliingia na sahani ya pilau, mwanawe mgongoni akikohoa.

"Hongera, Bi Mwajabu. Huo mlango usikutishe, kesho nitakusindikiza tukamchome. Wangu alipochomwa tu, ukazimika. Mungu akulipe, bila wewe ningezembea."

Daktari alifumbua kinywa. Mwajabu akamkanyaga mguu, akaipokea sahani kwa mikono miwili.