Upinde Uliorudishwa

Mbogo alikuwa ameshamtoboa muuza mkaa, na sasa alizunguka sokoni pembe zikichuruzika damu. Sanga, afisa wa wanyamapori, alimpiga risasi zikamwongezea hasira tu, kisha bunduki ikagoma. Akakimbilia ghala la ofisi yake, akarudi na upinde aliomnyang'anya zamani mwindaji mzee aliyesimama pale sokoni, akamkabidhi.

"Mzee Badiva, upinde wako huu. Muue!"

"Ili unifunge tena?"

"Rais ni mwingine sasa, mzee. Uwindaji umeruhusiwa. Yale yalikuwa mambo ya serikali ile."

"Serikali ile imeondoka," Badiva alisema. "Mbona wewe umebaki?"

Sanga aliutazama mkono wa kulia wa mzee, vidole alivyoviponda yeye mwenyewe kwa kitako cha bunduki ili usivute upinde tena.

"Na mshale?" akauliza.

"Ninao." Badiva alichomoa mshale chini ya shuka lake, akafungua ngozi iliyoufunika. Sumu ilikuwa mbichi, imepakwa asubuhi ileile.

Kabla Sanga hajauliza mshale huo ulikusudiwa nani, mbogo alimfikia. Alimnyanyua kwa paja, akambwaga, akapiga magoti kumsaga kifua.

"Piga, mzee! Piga!" Sanga alilia.

Badiva aling'ata kamba pamoja na mkia wa mshale, akausukuma upinde mbele kwa mkono wa kushoto mpaka ufizi ukavuja damu. Ncha ililenga shingo ya mbogo, ikashuka kwenye shingo ya Sanga, ikapanda tena. Ikabaki ikitetemeka katikati, na kamba ikaanza kumponyoka menoni.