Fundo la Mwisho

Mama yangu ni msusi, na hospitali ya kata yetu haipasui kichwa wala uti wa mgongo bila vidole vyake. Mashine inashika kisu, ila hospitali huiazima mikono ya mama kuiongoza kutoka mbali, popote alipo.

Leo alikuwa ananisuka, mara mikono ikapaa yenyewe, ikaanza kushona hewani.

"Tulia, kuna mtu anatengenezwa," alisema kwa maringo.

Jirani yetu Mama Chausiku akaja mbio. Fundo la mwisho likifungwa, mgonjwa amepona, nasi hupiga vigelegele mtaa mzima usikie.

Vidole vikashona, vikashona, kisha vikalegea kabla ya fundo. Hospitali ilikuwa imemrudishia mikono yake; mgonjwa hakuihitaji tena.

Mama aliitazama. Halafu akafunga fundo hewani, mwenyewe.

Mama Chausiku, bila kujua, akapiga vigelegele. Mama akanirudia kichwani, vidole vya baridi.