Pongo na Wazee wa Baraza

Pongo alishtakiwa kwamba amemtupa mwanawe. Alfajiri alimlaza majanini akaenda kula, na aliporudi akakuta chui amekwisha kumchukua.

Kesi ikasikilizwa na wazee wa baraza kumi na wawili, wote madume. Majike hawakuitwa kamwe. Sheria ilisema wana malezi, wasisumbuliwe.

"Mama gani humwacha mtoto peke yake?" akauliza Nyati, mkuu wao.

"Sisi pongo sote," akajibu. "Nikikaa naye, harufu yangu humwita chui. Waulizeni wake zenu."

"Wake zetu hawamo barazani."

Pongo akazitazama nyuso zile kumi na mbili, asione hata moja iliyowahi kunyonyesha. Wakamhukumu kuhama msitu. Akavuka mto peke yake, maziwa bado yakimchuruzika.

Jioni Kuro, mmoja wa wale wazee, alimsimulia mkewe. Mkewe akaacha kutafuna.

"Wanao watatu niliwaficha hivyo hivyo," akasema. "Na mimi ungenifukuza?"

Kesho yake Kuro akayarudia maneno hayo barazani, na sheria ya kutowaita majike ikafutwa. Wakamfuata Pongo ng'ambo, wakamtaka radhi, wakamrudisha, wakampa kiti barazani.

Pongo akaketi. Madume wakajisogeza, pakabaki nafasi tupu kila upande wake.

"Tuanze kesi ya leo," akasema Nyati.

"Bado," akasema Pongo. "Kuwa peke yangu kumenitosha. Kawaiteni wenzangu kwanza."

Wakangoja hadi mke wa Kuro akaja, akaketi karibu naye, wakagusana mabega.