Mpaka Mechi Ijayo

Mikono yangu ilikuwa kwenye povu mpaka viwikoni redio ilipotangaza kwamba chuo alichosoma mke wangu kimehama ligi yetu ya futiboli ya Kimarekani. Kinatuacha hapa Ohio, kinakwenda kucheza na vyuo vya Kalifornia, eti huko ndiko kwenye pesa za televisheni.

Kwa miaka thelathini na moja, chuo chake na changu vimekutana uwanjani kila Novemba. Nyumbani kwetu, ambaye chuo chake kimefungwa anaosha vyombo mpaka mechi ijayo. Mwaka jana tulifungwa sisi, kwa pointi moja, na tangu siku hiyo kila kijiko nimekiosha mimi.

"Sasa mechi ijayo lini?" nikamuuliza mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

"Hakuna, mzee. Si umesikia mwenyewe?"

"Basi makubaliano yamekufa, Verna!"

"Yamekufaje? Tulisema mpaka mechi ijayo. Imefika?"

Nikatazama sufuria mbele yangu, mafuta yameganda pembeni. "Chuo chenu kimekimbia! Waoga wakubwa nyie!"

"Lalamika huku unasugua."

Akafungua kabati la juu, akaanza kushusha vyombo vya wageni na kuvirundika kando ya povu langu.