Kokoto Chini ya Maua

Kila asubuhi Bi Zawena alijaza birika akayanywesha maua yake madogo ya zambarau, yaliyochanua kila mwaka katikati ya mawe ya uani. Mwaka huu yalikuwa yakifa moja moja. Asubuhi hiyo aliliweka birika chini: jiwe la katikati lilikuwa limesogezwa, na udongo chini yake ulikuwa umetoka kufukuliwa.

Alimfikiria Kitwana papo hapo, jirani aliyefiwa na mkewe, ambaye siku hizi alichungulia ukutani na akisalimiwa anainama.

"Kitwana! Njoo ukifukue ulichonizikia. Mimi sigusi uchawi wa mtu!"

Kitwana akaja, akapiga magoti, akachimbua konzi ya kokoto.

"Uchawi wenyewe ndio huu, Bi Zawena. Unayazamisha. Maua ya kwenye mawe yanataka maji yapite, yasitulie kwenye mizizi. Ya ukingoni niliyawekea kokoto wiki iliyopita."

Bi Zawena akayatazama ya ukingoni. Kweli, yalikuwa yamesimama. Lakini moyo wake haukutulia.

"Na mdomo wa kuniambia ulikuwa umemwazima nani? Mtu mzima haruki ukuta wa mwanamke alfajiri kwa ajili ya maua."

Kitwana alizigeuzageuza kokoto kiganjani mpaka udongo wote ukapukutika.

"Si kwa ajili ya maua," akasema hatimaye, bila kuinama. "Nataka kupiga hodi mlangoni kwako kama watu wengine, na wewe uniambie karibu."