Amri ya Kiboko na Vita vya Ng'ambo

Hapo kale, tena si kale sana, Kiboko mkuu wa nchi alitoa amri: kila nyumba itoe kijana mmoja akapigane vita vya ng'ambo. Kunguru mpiga mbiu akaizungusha huku akiisifu.

Bi Nungunungu alikuwa na mwana mmoja tu. Akamwendea Kiboko.

"Mzee, msaragambo ukiitwa, nani hupiga jembe la kwanza?"

"Aliyeuita, bibi. Hata mtoto anajua."

"Haya. Mwanao nimemkuta mtoni anajigaragaza. Nimfungie chakula cha njiani, atangulie?"

Kiboko akakohoa, akasema sera itatazamwa upya.

Chungu cha Bi Nungunungu hakijachemka, mbiu ikalia: vita vile havituhusu. Kunguru akaisifu na hiyo, kwa mdomo uleule. Bi Nungunungu akaongeza unga, maana mlaji hakuondoka.