Kahawa Iliyopimwa kama Mahindi

Mashine ya kupima unyevu ilisoma kumi na sita, na karani wa ushirika akasukuma gunia langu la kwanza la kahawa kando.

"Bado mbichi, mama. Karudie kuianika."

Nje mawingu yalishajaa. Kurudi nyumbani na magunia manne kwenye mvua kulikuwa sawa na kutupa mavuno ya mwaka mzima.

Nilichukua punje moja nikaing'ata kwa gego, kama mama yangu alivyonifundisha. Ikakatika, tak. Punje mbichi haikatiki, huacha tu alama ya jino.

"Imekauka kau. Umesikia?"

"Mama, siku hizi hatupimi kwa meno."

"Basi nione hiyo mashine yako."

Akanigeuzia kioo shingo upande. Nikavaa miwani. Juu ya ile kumi na sita palikuwa na neno dogo, nikalisoma mara mbili nisije nikaaibika bure.

"Mwanangu, asubuhi mlipokea nini hapa?"

"Mahindi."

"Na mashine bado inapima mahindi."

Akabonyeza kitufe, akamimina punje zangu upya. Kumi na moja.

Aliburuta gunia langu hadi kwenye mizani, kisha akaokota punje moja sakafuni, akaitia mdomoni.